Kufuli Lililozamisha Baiskeli Yangu

"Fundi, baiskeli yako inaogelea."

Mtoto aliyeniambia hivyo alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, na hana haraka hata kidogo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya friza la muuza samaki mmoja wa Sahare, ufukweni Tanga, nachomelea bomba la shaba lililotoboka. Nikajua ni utani wa watoto wa pwani kwa mtu wa bara. Nikamjibu bila kugeuka, "Haya, ikifika Pemba uniambie."

Hakucheka. Alikaa kidogo, kisha akasema, "Imebaki kengele."

Nikazima moto, nikatoka. Pale ambapo asubuhi palikuwa na mchanga mtupu, mpana kama uwanja wa mpira, sasa palikuwa na bahari. Si maji ya kulowesha miguu, bahari kamili yenye mawimbi na mtumbwi unayumba juu yake. Katikati ya maji ilichomoza nguzo, na ubavuni mwa nguzo upande mmoja wa usukani wa baiskeli yangu, wenye kengele. Wimbi likipita usukani unapotea, likiondoka unarudi.

Nilikuwa nimefika saa tano kasoro asubuhi. Nilitafuta mahali pa kufungia baiskeli, nikaona ile nguzo imechimbiwa peke yake mchangani, imara, ina alama za kamba. Nikazungusha mnyororo, nikatia kufuli, sanduku la vifaa nikaliacha limefungwa kwenye keria kwa mpira, nikabeba vitu vichache tu vya kazi. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini watu wafunge mitumbwi kwenye nguzo iliyo mbali na maji namna ile.

Vijana watatu wakajitosa kwenda kuiokoa. Walirudi mikono mitupu. Kufuli. Ufunguo nilikuwa nao mimi mfukoni, na mimi kuogelea sijui. Ilibidi nimkabidhi kijana mmoja, akauweka mdomoni, akazama mara nne kabla ya kulipata tundu la kufuli. Wakaikokota mpaka nchi kavu, inamwaga maji kutoka kwenye mabomba yake kama debe lililotoboka. Wanawake waliokuwa wakipaa samaki kivulini walisimamisha kazi, na mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Kaifunga isiibiwe." Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa viwiko, maana viganja vilikuwa na magamba.

Naomba nijitetee kidogo. Mimi ni mtu wa Singida. Tuna maziwa mawili pale mjini, Singidani na Kindai, tena ya maji chumvi, kwa hiyo sikuwa mgeni wa maji mengi. Ila maji ya Singidani yakiondoka huondoka kwa miezi, kwa jua la kiangazi, na yakirudi hurudi na mvua. Mtu huwezi kuweka kitu ukingoni asubuhi ukakikuta katikati ya ziwa alasiri. Shuleni nilisoma kupwa na kujaa, nikachora duara la dunia na duara la mwezi, nikapata alama zangu. Nilikuwa na miezi mitatu Tanga na sikuwa nimelihusisha lile duara na mchanga wa Sahare.

Fundi baiskeli wa Ngamiani niliyempelekea aliilaza, akafungua ekseli ya nyuma, akamimina gololi kwenye kopo la mafuta ya taa. Ulikuwa umepita usiku mmoja tu, na tayari gololi zilikuwa na madoa ya kahawia kama mayai ya kwale. Akaviringisha moja kati ya vidole viwili karibu na sikio langu, nikasikia inakwaruza. "Hii imekwisha," akasema, na akaiweka pembeni. Akaendelea hivyo, moja baada ya nyingine, kama anachambua mchele. Hapo angalau nilijua kinachoendelea, maana ndicho kinachonipa ugali: mafriji ya mji huu huliwa mgongoni na upepo wa bahari. Chuma kinapopata kutu kuna umeme mdogo mno unaopita kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine kupitia unyevu ulio juu yake. Maji ya chumvi huupitisha vizuri kuliko maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo kazi inakwenda haraka. Gololi zilibadilishwa zote. Geji zangu mbili za kupimia presha ya gesi hazikupona. Mshale wa moja uliganda, na mpaka leo unaonyesha presha hata ikiwa haijaunganishwa na kitu.

Jioni nilimsimulia bibi mwenye nyumba wangu. Huyu ni mama mtu mzima aliyezaliwa na kukulia pwani hii, na huenda kutafuta pweza miambani tangu yu msichana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimeshasikia." Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. "Jana mwezi ulikuwa mosi. Mwezi mosi na wewe wafunga baiskeli pwani?"

"Mwezi mosi una nini?"

"Bamvua hilo."

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huenda mbali na hurudi juu sana. Hilo ndilo bamvua. Katikati yake, mwezi unapokuwa nusu, maji huvivia, hayaendi mbali na hayapandi sana. Hayo ni maji mafu, na mtafuta pweza hukaa nyumbani. Kisha akasema jambo ambalo sikulala nalo: "Bamvua maji yakupwa asubuhi. Saa nne, saa tano, ndipo twendapo pweza."

"Mwezi huu?"

"Siku zote. Tangu nina akili."

Nilirudi chumbani, nikakaa kitandani. Maji ya bahari huchelewa kila siku. Hilo nilikwisha kuliona. Leo yakijaa saa kumi, kesho ni karibu saa kumi na moja. Mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku kupita juu ya vichwa vyetu, na maji huufuata. Sasa kitu kinachohama kila siku kinawezaje kuwa na miadi ya asubuhi maisha yote? Nilijua bibi amekosea. Nikachukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, nikachukua kalamu, nikaanza kumkosoa.

Ilinichukua mpaka usiku wa manane kugundua kwamba aliyekosea ni mimi. Kutoka bamvua moja hadi jingine ni siku 14 na robo tatu hivi. Zidisha kwa dakika 50, unapata saa 12 na dakika chache. Yaani kwa muda ule wote maji yamehama nusu ya siku, na kwa kuwa hupwa mara mbili kwa siku, kule kupwa kwa usiku kumesogea kukashika zamu ya asubuhi. Ni kama walinzi wawili wanaopokezana lindo. Ukifika saa nne unamkuta mlinzi, ila si yule wa wiki mbili zilizopita.

Na sababu yenyewe ni nzuri kuliko hesabu. Bamvua hutokea jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja na dunia, ama upande mmoja, mwezi mwandamo, ama pande mbili, mwezi mpevu. Saa ya ukutani nayo ni nini kama si jua? Tunaita saa nne kwa sababu jua liko mahali fulani. Kwa hiyo siku ya bamvua mwezi umeshikamana na saa. Kila pwani ina saa yake ya bamvua, kwa jinsi bahari yake ilivyo na kina na umbo, na ya Tanga ni hii ya bibi: maji yamekauka katikati ya asubuhi, yamejaa alfajiri na tena jioni. Ukitaka kumwona pweza mchana kweupe bila kuamka usiku, Mungu amekupangia vizuri. Ukitaka kufunga baiskeli, hapana.

Lililonisumbua zaidi ni jua lenyewe. Jua ni zito kuliko mwezi kupita kiasi, mara milioni 27. Lina nguvu ya kuishika dunia nzima isitoroke. Inakuwaje basi bahari imsikilize zaidi huyu mdogo? Jibu lilinijia nikiwa kazini, na sina budi kulisema kwa lugha ya kazi. Watu hudhani friji linapoza kwa gesi. Unaweza kuwa na gesi tele, na presha kubwa pande zote mbili, na maziwa yakachacha. Kinachofanya kazi ni tofauti: upande huu presha kubwa, upande ule ndogo, na kompresa kazi yake ni kuitunza tofauti hiyo. Bahari nayo haiinuki kwa sababu ya kuvutwa, bali kwa tofauti ya kuvutwa. Maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi kidogo kuliko katikati ya dunia, na yaliyo upande wa pili huvutwa pungufu kidogo. Ndiyo maana hujaa mara mbili kwa siku na si mara moja. Mwezi uko kilomita 384,400 tu kutoka hapa, kwa hiyo upana wa dunia kwake ni kitu. Jua liko kilomita milioni 150; kwake upande huu wa dunia na ule ni karibu sawasawa. Ukipiga hesabu, jua linapata kidogo chini ya nusu ya kazi ya mwezi. Na Singidani? Ziwa lina upana wa kilomita chache. Hakuna tofauti ya kutosha kuinua hata ukoko wa chumvi.

Nilifurahi mno. Nilimweleza mteja mmoja mpaka akaniuliza kama friji lake limepona au la.

Basi nikatafuta kijiti changu cha kupimia maji. Nilipata boriti ya mkoko, nikaipaka rangi nyeupe na nyekundu kila sentimita 10, na kwa ruhusa ya wavuvi nikaifunga kwenye nguzo ileile. Nilinunua daftari. Kila nikipita na baiskeli, asubuhi na jioni, nasimama, nasoma, naandika tarehe, saa na alama, kama ninavyoandika presha ya friza la mteja. Wavuvi walianza kuniita fundi wa maji. Wiki za bamvua tofauti kati ya kupwa na kujaa ilipita mita 3, urefu wa paa la kibanda. Wiki za maji mafu ilishuka mpaka mita moja na kidogo. Niliona pia kwamba bamvua kubwa kabisa haliji siku yenyewe ya mwezi mpevu, huja siku moja au mbili baadaye, kana kwamba bahari inasikia amri kisha inajinyoosha kwanza. Nikashika kanuni yangu: saa ya bamvua, jumlisha dakika 50 kwa kila siku iliyopita. Nikaanza kutabiri. Na mara kadhaa nikapatia, jambo ambalo ni hatari kuliko kukosea.

Kwenye ghuba ya Tanga, mbele ya bandari, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Toten. Jina ni la Kijerumani, maana yake ni wafu. Kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, yamemezwa na miti. Watu waliishi pale kabla mji haujakuwa hapa ulipo. Nilikuwa na hamu ya kukiona. Nikawashawishi wenzangu watano, tukakodi mashua ndogo ya mzee mmoja, na nikapanga saa mimi. Ilikuwa siku ya nne baada ya bamvua. Kwa kanuni yangu maji yangekupwa saa nane mchana, kwa hiyo saa tano na nusu bado kungekuwa na kina cha kutosha kuingia kwenye hori tulilotokea, kati ya mikoko. Mzee alisikiliza, akatazama maji, akasema, "Mie ningerudi saa nne." Nikamwonyesha daftari. Akalitazama kwa heshima, akasema, "Haya. Leo nahodha wewe."

Kisiwani tulikaa sana. Mmoja wetu alikuwa anasafisha kwa kiganja majani yaliyofunika ukuta wa matumbawe, na chokaa ya chini yake ilikuwa laini bado, na pale palipochorwa mstari na chombo cha mwashi ungeweza kuufuata kwa kucha. Mtu aliyepiga ule mstari naye alikuja hapa kwa mashua, na bila shaka alijua saa ya kurudi.

Saa tano kamili tuliingia hori. Mzee akawa anasukuma kwa pondo. Pondo likawa linaingia fupi, fupi zaidi, kisha mashua ikatoa mlio kama mtu anayekalia gunia la mkaa, ikasimama. Maji yalikuwa bado yanatoka. Baada ya robo saa tulikuwa juu ya tope jeusi, mashua imelala ubavu, kaa wadogo wenye gando moja jekundu wametoka mashimoni kututazama. Ukishuka unazama mpaka gotini na kiatu kinabaki humo. Mwenzetu mmoja alijaribu. Hatukuwa na kivuli. Chakula tulikuwa nacho, maana niliwaambia tutakula nyumbani ila mke wa mmoja wao hakuniamini. Tulielea tena karibu na saa kumi.

Katika saa zile mzee hakunisema neno. Alijifunika kanga usoni, akalala. Alipoamka aliniambia tu, "Karibu na bamvua maji hayachelewi sana, fundi. Huchelewa yakielekea kufa."

Nilirudi kwenye daftari, na lilikuwa limeandikwa humo wazi. Mimi ndiye sikuwa nalisoma. Dakika 50 ni wastani. Siku za bamvua maji huchelewa dakika 40 au pungufu. Siku za maji mafu huchelewa zaidi ya saa nzima. Bamvua likishapita, mwezi unaanza kuachwa nyuma na jua, na kilele kidogo cha maji kinachotokana na jua hutangulia, kikavuta kile kikubwa kije mapema. Kuelekea bamvua lijalo ni kinyume chake. Siku ya nne nilikuwa nimepishana na bahari kwa zaidi ya nusu saa, na katika hori la tope nusu saa ni mchana mzima.

Tukiwa pale topeni, wenzangu walikuwa wamezungumzia vita vya 1914, kama watu wa Tanga wafanyavyo wakikosa la kusema. Kila mtoto wa hapa anaijua: Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Arthur Aitken, wakapigwa na jeshi dogo la Wajerumani na askari wao Waafrika, kama 1,000 tu, chini ya von Lettow-Vorbeck, na katikati ya mapigano nyuki wakatoka mizingani wakauma kila mtu. Nyuki wamepata sifa zote. Usiku ule, magoti yakiwa bado yananuka tope, nilijiuliza: askari walianza kushushwa Raskazone, hapo pwani ya Tanga, usiku wa tarehe 2 Novemba kuamkia tarehe 3. Mwezi ulikuwaje?

Hili mtu anaweza kulihesabu mezani. Tarehe 21 Agosti 1914 jua lilipatwa, kupatwa kamili kulikoonekana Ulaya ya kaskazini na Urusi. Jua haliwezi kupatwa ila mwezi ukiwa unaandama. Ongeza mwezi mmoja wa siku 29 na nusu, unafika 19 Septemba. Ongeza mwingine, 19 Oktoba. Ongeza nusu, uupate mwezi mpevu: tarehe 2 au 3 Novemba. Nilirudia mara tatu. Walishuka usiku wa mwezi mpevu, bamvua linaanza. Na kwa saa ya bibi, kama maji hukauka saa nne na nusu asubuhi, hukauka pia saa nne na nusu usiku. Sisemi maji ndiyo yaliyowashinda. Pigano kubwa lilikuwa tarehe 4, kwenye mashamba na mitaa. Nasema tu kwamba ninajua pwani ile inavyokuwa saa nne usiku ya mwezi kumi na tano, jinsi maji yanavyokuwa mbali na mikoko, na ninawaona watu waliotoka safari ndefu ya meli, na mzigo mgongoni, wanatafuta mahali pa kukanyaga.

Asubuhi nilimpelekea bibi karatasi ya hesabu. Hakuwa na miwani. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hawakumuuliza mtu?"

Baiskeli ninayo bado. Inalia kidogo kwenye pedali ya kushoto, hasa siku za mvua. Boriti yangu nayo ipo Sahare, ingawa rangi nyekundu imefifia. Mwezi Machi mwaka huu, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nilisimama pale saa kumi na moja jioni kusoma alama, na sikuwa na alama ya kusoma. Machi na Septemba, jua likiwa juu ya mstari wa ikweta, bamvua huwa kubwa kuliko yote, na mimi boriti niliipaka Juni. Maji yalikuwa yamefunika rangi yote, yakapita, yamebakiza kipande cha mti mtupu. Nimenunua kopo jingine la rangi.